Mbio za Sakafuni

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii sikuisoma kitabuni. Niliisikia kwa mama yangu mzazi, nyumbani kwetu Likoni, na kila alipoitamka alinitazama mimi. Alikuwa na haki yake. Nilijifunza useremala kwa fundi mmoja wa Mtongwe, nikauacha kabla sijajua kushika randa sawasawa. Nilianza kushona kofia ya mkono, ile ya vitobo inayomchukua mshonaji miezi, nikaitupa ikiwa nusu. Chuoni nako, tasnifu yangu kuhusu methali za Waswahili (msomaji atacheka) ilikwama katika sura ya pili. "Wewe mwanangu ni moto wa makuti," mama alizoea kuniambia.

Tarehe 24 Machi 2007, Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yalifanyika Mombasa, katika uwanja wa gofu ulio ng'ambo tu ya kivuko chetu. Nilivuka kwa feri pamoja na umati mkubwa. Jua lilikuwa lile la Machi tunalolijua, na hewa ilikuwa nzito kwa unyevu wa bahari. Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba kukimbia ni karama ya watu wa bara, nasi tumejaliwa baraza na kahawa. Siku hiyo Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa bingwa wa mbio hizo ndefu miaka mitano mfululizo, alitoka njiani katika mzunguko wa mwisho wa kilomita 12. Joto letu lilikuwa limemshinda. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeibuka mshindi, na wengine wengi hawakumaliza.

Hata hivyo, aliyenikaa moyoni ni mkimbiaji mmoja wa mkiani ambaye jina lake sikulijua. Alifika watu wameanza kuondoka, midomo imemkauka, anatembea zaidi kuliko kukimbia. Hakuna aliyemtazama. Aliuvuka mstari, akainama, akashika magoti. Nilirudi Likoni nikiwa na wivu, na sikuwa nikimwonea wivu Tadese.

Juma lililofuata nilianza kukimbia. Baada ya sala ya alfajiri nilishika barabara ya Ukunda, nikipita Shika Adabu, na miezi ilipokwenda nikawa nafika Ng'ombeni, kisha Waa. Mwanzoni nilitoka kama mwizi aliyepigiwa kelele, na kila mara nikakwama nikitweta. Vijana wa matatu waliniuliza nimefukuzwa na nani. Jasho la pwani, nilijifunza, halikaukii mwilini kwa sababu hewa yenyewe imeshiba maji. Humtiririka mtu bila kumpoza. Basi hapana budi kupunguza mwendo, kutoka mapema, kunywa maji yenye chumvi kidogo na ndimu. Kwetu aliyeanza kwa pupa huadhibiwa mapema.

Ni katika barabara ile nilipoielewa sura yangu ya pili. Nilikuwa nimeandika kwamba methali zetu hazimpendi mkimbiaji: haraka haraka haina baraka, mwenda pole hajikwai. Sikuwa nimezisoma vizuri. Sakafu ni fupi, na anayeanza kwa kasi hukutana na ukingo kabla hajakaza mwendo. Anayelaumiwa ni yule asiyepima masafa, wala hakuna anayepima masafa kama mkimbiaji wa marathoni. Nilifuta kurasa kumi na mbili nikaziandika upya.

Oktoba 2008 nilipanda basi kwenda kushiriki Marathoni ya Nairobi. Umbali ni ule ule uliowekwa rasmi mwaka 1921, kilomita 42 na mita 195. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na kifua cha Likoni kilililia hewa tangu kilomita ya kwanza. Wenzangu walinipita makundi kwa makundi. Niliwaacha waende. Nusu ya kwanza sina la kuisimulia. Wataalamu hueleza kwamba akiba ya wanga mwilini hukaribia kwisha mtu afikapo kilomita ya 30 hivi, na mimi ya kwangu iliisha palepale. Miguu ikawa magogo. Kando ya njia palikuwa na gari la kuwabeba waliochoka, mlango wazi, na kiti kitupu kilinitazama. Nilikijua kiti kile. Nilikuwa nimekikalia kwa fundi wa Mtongwe, na kwenye mkeka wa kofia, na maktabani. Nikatembea. Nikakimbia kidogo, nikatembea tena. Nilimaliza kwa saa tano kasoro dakika tisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuwa wa ngapi?"

"Hata sijui. Wengi walikuwa mbele."

"Na nyuma?"

"Walikuwapo."

Alikigeuzageuza kinishani nilichopewa, akauliza kama ni dhahabu, nikamwambia hupewa kila amalizaye. Akakitundika msumarini. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kile kipande cha kofia, kimekunjwa ndani ya kanga iliyochakaa. Miaka yote ile alikuwa amekihifadhi.

"Na hii?"

Nikamwomba sindano. Uzi ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Usiku ule nilishona vitobo vinne tu, miguu yote miwili nimeiloweka katika beseni la maji ya chumvi.