Jina la timu mpya Kapolowe

Vijana wakitaka kuanzisha timu ya mpira hapa Kapolowe, jezi si shida kubwa. Pesa ikipatikana, zinanunuliwa. Ugomvi uko kwenye jina. Huyu anataka la kijiji alichokimbia, yule la kabila lake.

Waitazame TP Mazembe. Wamisionari Wabenediktini walipoianzisha mwaka 1939 kule Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, iliitwa Saint-Georges. Baadaye ikabeba jina la Englebert, kampuni ya matairi (ndiyo, matairi!), na kwa jina hilo ikachukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Jina la Mazembe lilikuja nyuma. Leo watu wakimwona yule mamba mwenye mpira mdomoni, wanashangilia tu.

Kapolowe tuna ziwa Tshangalele. Mtoto aliyezaliwa hapa na yule aliyefika jana, mama yake amebeba godoro kichwani, wote wanakula samaki wa ziwa hilo. Basi samaki achorwe kifuani, hata kwa rangi ya nyumba, na kocha asimuulize mtoto ametoka wapi kabla ya kumpa mpira.