Eti Hizi Ni Kontena?

Kabla niache chuo, mhadhiri mmoja aliangalia mchoro wangu wa vyumba vya kutengenezwa kiwandani akasema, "Hizi ni kontena, si usanifu." Nikanyamaza.

Leo ningemwonyesha Habitat 67 kule Montreal, Kanada. Moshe Safdie aliianza kama tasnifu yake ya chuo. Ni masanduku 354 ya zege, yote saizi moja, yalitengenezwa kando ya mjengo halafu kreni ikayapandisha moja moja. Lakini cheki vile yamepangwa: hili limesukumwa mbele, lile nyuma, na paa la jirani wa chini ndiyo bustani yako.

Sawa, gharama ilipaa, hazikuwa nyumba za bei rahisi vile Safdie alitaka. Hapo mhadhiri angenishika. Lakini eti kontena? Zii, hiyo nakataa.