Homa ya Wiki ya Nne

Waandalizi wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike habari za kupasuliwa kwangu moyo. Za operesheni yenyewe mmekwisha kuzisikia kwa simu, kutoka Maskati mpaka Mombasa, na nyingine zimetiwa chumvi, kwa hivyo sizirejei. Nilifunguliwa kidari hapa Uingereza mwezi wa Machi 2023, nikaungiwa mishipa mitatu, na siku ya nane nikarudi nyumbani. Ninayotaka kueleza ni yaliyokuja baadaye, kwani katika jamaa zetu waliokwisha kupasuliwa sikumpata hata mmoja aliyekuwa akiyajua.

Wiki ya nne, wageni wamekwisha kupungua na mimi naanza kutembea mpaka mwisho wa mtaa, nikashikwa na homa. Haikuwa kali. Pamoja nayo yakaja maumivu ya kifua, lakini si yale yaliyonipeleka hospitali. Yale yalikuwa kama mzigo, yakinijia nikipanda ngazi. Haya yalichoma kila nilipovuta pumzi, yakizidi nikilala chali, yakipungua nikikaa na kuinama mbele. Nilikuwa nikisali juu ya kiti. Katika rukuu napata nafuu, nikirudi kitandani yananirudia.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Shemeji yangu alisema ni baridi ya nchi hii. Shangazi alipiga simu kutoka Unguja, akasema ni kijicho, watu wameona nimepona upesi. Sikumbishia, mtu wa miaka tisini habishiwi. Binti yangu hakungoja, akawapigia wauguzi wa moyo kwa nambari iliyokuwa katika karatasi ya kutokea hospitali. Wakanitaka siku ile ile.

Daktari alinisikiliza kifua, akasema anasikia mkwaruzo, kama ngozi mbili zikisuguana. Kisha akanipima kwa mashine ile ile wanayotazamia mimba, tukayaona maji yaliyozunguka moyo. Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyafahamu. Moyo umo ndani ya kifuko chembamba, na mpasuaji haufikii bila ya kukikata. Kwa baadhi ya watu, baada ya siku au wiki kadhaa, askari wa mwili wanaotulinda na maradhi hugeuka wakakishambulia kifuko kile kile. Kikavimba, kikatoa maji. Si uchafu ulioingia, wala si kosa la mpasuaji. Wao huiita sindromu ya postiperikadiotomi, jina la kuvunja ulimi. Ina ndugu yake, maradhi ya Dressler, yaliyoelezwa na daktari wa jina hilo mwaka 1956, ambayo humpata mtu baada ya mshtuko wa moyo hata asipopasuliwa.

Maji machache huondoka kwa dawa. Yakiwa mengi huubana moyo usiweze kujaa damu, na mtu huweza kufa asipotolewa maji hayo upesi. Aliyepasuliwa akihema hali amekaa, au akiona kizunguzungu cha kutaka kuzimia, au mishipa ya shingo ikimvimba, asingojewe asubuhi. Huku kwetu ni 999.

Mimi nilipewa aspirini, kipimo kikubwa kuliko cha kila siku, na vidonge vya kolchisini kwa miezi mitatu. Hii ya pili hutoka katika ua ambalo waganga wa Kiarabu wakiliita surinjani. Ibn Sina aliitaja kwa maumivu ya viungo, na mpaka leo wenye jongo huitumia. Nilifurahi kukutana nayo hospitali ya Kizungu! Lakini msijinunulie: kolchisini ikizidi ni sumu, na aspirini haichanganywi ovyo na dawa za kuifanya damu kuwa nyepesi.

Tumbo liliniendesha wiki ya kwanza, kisha likazoea. Picha ya Julai haikuonyesha maji. Mjomba wetu wa Maskati atapasuliwa baada ya Idi, na jina lile refu nimekwisha kumwandikia mwanawe kwa herufi kubwa, pamoja na zile alama: homa, kuchoma kwa pumzi, na nafuu ya kuinama.