Jicho la kijani lilivyonigombanisha na mama

Jamani, mwenzenu nusura nigombane na mama mzazi kwa ajili ya redio. Tena siyo redio ya kujidai nayo mbele ya washikaji. Ni lile kabati la mbao, radiogramu, ambalo babu mzaa mama alilinunua miaka ya 1960 akiwa mfanyakazi wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Redio, spika na pa kuwekea santuri, vyote humo humo ndani. Babu alipofariki likahamia kwa mama, Ndembezi, Shinyanga mjini, likageuka meza. Juu kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa picha za harusi, basi.

Mimi makazi yangu ni Katoro, Geita. Anayeijua Katoro anajua pale usingizi ni wa kubahatisha. Baa hii inapiga Bongo Fleva, ya jirani inapiga ngoma za Kisukuma, na muuza pampu za mashimoni naye kaweka spika mlangoni. Kijana asiye na muziki mzito anaonekana mshamba. Na mimi nilikuwa na amplifaya yangu ya transista, kibandiko kinasema wati 1000 PMPO, natanua ile mbaya. Usiku mmoja ikapiga shoti, umeme ukapitiliza moja kwa moja hadi kwenye spika, koili ikaungua, chumba kikajaa moshi. Kwisha habari.

Ndipo nikalikumbuka kabati la babu. Fundi mmoja kijana akanipa wazo bomba kweli: "Bro, tunang'oa utumbo wote wa zamani, tunapachika bodi ya kisasa yenye bluetooth. Nje babu, ndani mjukuu!" Nikacheka, nikampa kishika uchumba elfu ishirini.

Nilipomweleza mama, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwanangu, ukiling'oa jicho lile, usinipigie simu." Mimi hata sikujua ni jicho gani. Akanituma kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio kabla sijazaliwa.

Nikamkuta mzee, nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha na ile amplifaya yangu iliyokufa. Hakuangalia kibandiko. Aligeuza adapta akanisomea: volti 12, ampea 2. "Zidisha." Nikazidisha, 24. "Sasa kitu kinachokula wati 24 ukutani kitakutoleaje 1000?" Nikakosa jibu. Msomaji, kabla hujanunua, geuza adapta usome. Mimi nimeshalia kwa niaba yako.

Kabati lilikaa kwake wiki nzima. Alipolifungua nyuma niliona vichupa vya kioo vimesimama kama balbu ndogo. Hizo ndizo valvu. Kabla transista haijagunduliwa huko Marekani, Desemba 1947, kazi ya kukuza sauti ilikuwa yao, na vyumbani mwa watu ziliendelea kutawala hadi miaka ya 1960. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966 valvu zikiwa bado sebuleni. Huu mkubwa wa sasa ulipoanza 2000, vichupa vilikuwa vimeshageuka nyumba za mende.

Nikanyoosha kidole kugusa. Mzee alinipiga kofi la mkono ambalo nalikumbuka mpaka leo. "Hata ukichomoa waya ukutani, kapasita zinaweza kubaki na volti mia mbili na zaidi. Zinaua." Alibadilisha kwanza zile kapasita za zamani, ndipo akaliwasha. Elfu themanini ikanitoka.

Siku ya kulirudisha nyumbani nikamwomba mzee tufanye shindano. Nilitaka kumthibitishia mama kwamba anang'ang'ania ushamba. Alikuja na amplifaya yake ndogo ya transista. Tukatumia simu moja, wimbo mmoja wa marehemu Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro, na spika ile ile ya kabati. Mara sauti ipite kwenye valvu, mara kwenye transista. Mzee alisawazisha ukubwa wa sauti kwanza, kwa sababu inayosikika kubwa zaidi hudanganya sikio ikaonekana tamu zaidi. Mama tukamketisha mlango wa jikoni, katugeuzia mgongo, anachambua mchele.

"Hiyo ya kwanza," mama akasema. "Hiyo ndiyo sauti ya baba."

Ya kwanza ilikuwa transista.

Tulirudia mara tatu. Alipatia moja, akakosea mbili. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Akasema mama hakuwa anasikia valvu wala transista, alikuwa anasikia spika na kabati. Spika pana kwenye sanduku kubwa la mbao haihitaji nguvu nyingi. Valvu ile ya mwisho, EL84, inatoa wati kama 5 tu, na zinatosha sebule. Ukizidisha wati mara mbili sikio linapata nyongeza ndogo mno. Ili isikike mara mbili unahitaji karibu mara kumi. Kumbe tunaoshindana wati Katoro tunagombea makombo.

Tulipopandisha sauti ndipo tofauti ikajitokeza. Valvu ikizidiwa inalainisha, sauti inanenepa na kukwaruza kwa mbali, wala haichukizi. Transista inabaki safi mpaka mwisho wa uwezo wake, halafu inakata kama kisu. Tukaweka ngoma ya bugobogobo: hapo transista ikashinda waziwazi, mdundo umekaza, wakati kwenye valvu ulilegea kama turubai lenye maji. Nikarudi kwa Salum Abdallah kwa sauti ya wastani, nikaipenda valvu. Au labda nilipenda kuitazama inavyowaka, sijui.

Hesabu za kila siku nazo zilikuwa upande wangu. EL84 moja inaweza kula karibu wati 17 ili ikupe hizo 5, mziki ukipigwa au usipigwe. Kwangu Katoro natumia sola na betri moja, likiwekwa kabati lile nitalala gizani. Transista zikiungua, C5200 na A1943 unazikuta dukani Kahama. Valvu mpya bado zinatengenezwa, kwa mfano Slovakia, lakini mpaka ikufikie umeshasahau wimbo.

Kwa hiyo fundi kijana alikuwa sahihi. Nikamtazama mama kwa macho ya ushindi.

Mama akageuka, akaliangalia kabati. Wakati huo tulikuwa tunapiga kwa transista, valvu tumezizima.

"Mbona jicho haliwaki?"

Mzee akaelewa kabla yangu. Akabonyeza swichi, akasubiri. Baada ya nusu dakika hivi, upande wa kulia wa kioo cha stesheni, mwanga wa kijani ukachomoza, mdogo, kama jicho la paka. Nayo ni valvu. Kazi yake ni kuonyesha kama stesheni imeshika vizuri: ikishika, pande mbili za mwanga zinasogeleana, ikipotea zinaachana. Mama akatusimulia kwamba utotoni Mwadui alikuwa akilala kifudifudi sakafuni usiku, taa imezimwa, babu anazungusha kitufe taratibu, yeye anamwambia, "Baba, linafumba, linafumba, hapo hapo!" Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nyumbani. Dada zake walichota maji.

Miaka yote nimeweka soda juu ya kabati lile, sikuwahi kulisikia hilo.

Kishika uchumba cha fundi kijana nimekisamehe. Katoro nimenunua transista nyingine, safari hii ya wati za kweli, 20, na majirani bado wananisikia. Kabati lipo Ndembezi, limefungiwa stabilaiza, picha za harusi zimehamia ukutani, na kila aingiaye anakatazwa kufungua mgongo wake.

Mwezi uliopita nilikuwa huko, wimbo katikati, umeme ukakatika. Ulipowaka tena taa zote zikarudi, feni ikazunguka, kabati likabaki kimya. Nikainuka haraka kwenda kulizima, nikijua limekufa.

"Liache," mama akasema, hajainua hata macho kwenye ungo. "Linaamka."