Dumuzi Hupanda Gari

Neno mwaloni nililijua kwenye Biblia kabla ya kuuona mti wenyewe. Ibrahimu alikaa penye mialoni ya Mamre, basi, nikadhani ni mti wa zamani uliokwisha zake. Leo naishi kusini mwa California, na milima iliyo mashariki ya San Diego imejaa mialoni. Ni miti minene, matawi yake yanashuka karibu kugusa ardhi. Wakumeyaay, wenyeji wa eneo hili, walitwanga mbegu zake wakapika uji, na vinu vyao walivyochimba kwenye miamba vipo hadi leo.

Miti hiyo inakufa. Anayeiua ni mdudu mwenye urefu wa sentimita moja hivi, mweusi, mwenye madoa sita ya dhahabu mgongoni. Alinaswa hapa mara ya kwanza mwaka 2004, lakini ilipofika 2008 ndipo ikajulikana kwamba yeye ndiye chanzo. Kabla ya hapo lawama zote zilikwenda kwa ukame. Funza wake hupenya chini ya gome na kula tabaka laini linalopitisha chakula cha mti. Wakikomaa hutoka kwa kitundu chenye umbo la herufi D. Makumi ya maelfu ya mialoni imeshakauka, na anapenda zaidi ile mikubwa, yaani wazee wa msitu.

Swali lililonisumbua ni hili: mdudu mdogo namna hii anaujuaje mti wake?

Kila jamii ina njia yake. Wapo wadogo kabisa wanaotoboa mbao ili wapande ukungu humo ndani, kisha waule. Hao hufuata ethanoli, yaani pombe. Mti uliojeruhiwa, au uliosongwa na maji mizizini, huanza kutoa pombe hiyo, na kwa mdudu harufu ile ni tangazo kwamba hapa pana mgonjwa asiyeweza kujitetea. Kule Japani yuko mwingine ambaye dume ndiye hutangulia. Akishatoboa mwaloni huachia harufu ya kuwaita wenzake, wanakuja kwa wingi, na ukungu waliokuja nao huziba njia za maji hadi mti unanyauka. Ndugu wa karibu wa huyu wetu wa madoa ya dhahabu hutumia macho pia, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa rangi ya zambarau au kijani.

Haya yote ni maarifa ya karibu. Pua na macho vinamtosha mdudu kutoka mti hadi mti, bonde hadi bonde. Kwao ni kusini-mashariki mwa Arizona, ambako mialoni imemzoea na maadui zake wapo. Kati ya huko na San Diego kuna mamia ya kilomita za jangwa. Watafiti wanaamini hakuruka. Aliletwa, akiwa funza, ndani ya kuni.

Mimi nimekulia Tabora, kwa hiyo habari hii si ngeni kwangu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia kwetu mdudu kutoka Amerika ya Kati, mtoboaji wa mbao aliyegeuka mla mahindi. Tulimwita dumuzi, wengine wakamwita Scania, kama yale malori. Nyumbani kwa bibi ungetia mkono kwenye kihenge ukatoka na unga mtupu. Naye huyo harufu ya mahindi haimvuti kutoka mbali. Dume huyakuta kwa kubahatisha, kisha huwaita wenzake. Safari ndefu alisafirishwa na magunia yetu, kwa magari na treni.

Mwaka jana mjomba alipata kuni za mwaloni, bure, kutoka shamba moja mlimani. Alitaka kuzipeleka Los Angeles kwenye harusi, zikachome nyama.

"Shikamoo mjomba. Hizo kuni tuzichomee hukuhuku."

"Marahaba. Kwa nini? Kuni kavu hizi! Mdudu gani atakaa humo?"

"Funza anakaa chini ya gome hata mti ukishakatwa. Anatoka baadaye, akiwa na mabawa."

"Ninyi mliosoma mna maneno. Kule kuni zinauzwa ghali, unajua?"

"Mjomba, unamkumbuka Scania?"

Alinyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuanika mahindi ya bibi juani, kuyapepeta, na kutenga yaliyobaki mazima. Akalitazama rundo lile kwa muda.

"Yule aliyetumaliza," alisema.

Kuni zilishushwa kwenye gari. Wenye harusi walinunua zao kulekule, na mjomba alilalamikia bei mpaka keki inakatwa. Sikumbishia, maana pesa ilikuwa yake.

Mti hauna miguu ya kukimbia, na mdudu hana kosa kwa kufuata harufu ya chakula chake. Mwenye kuchagua kati yao ni yule anayefungua buti la gari. Ukienda kupiga kambi mlimani, nunua kuni palepale utakapoziwasha, na zinazobaki ziache. Mwaloni mmoja mkubwa ukikauka, hakuna kati yetu atakayeishi hadi kuuona mwingine ukifikia unene ule.