Ridhaa iliyohamia kwa jirani: fomu zenye orodha ndani ya Rails

Leo sina habari za simu mpya wala toleo jipya la Linux. Nataka tuzungumze kuhusu fomu, hasa zile zenye orodha ndani yake: mkopo mmoja wenye wadhamini watatu, risiti moja yenye bidhaa kumi, mgonjwa mmoja mwenye vipimo vitano. Ukijenga mifumo ya ofisi hapa Kenya, hutamaliza mwezi kabla hujakutana na fomu ya aina hii.

Tukifika kwenye kontrola tunaikuta data imekwisha pangwa vizuri ndani ya `params`, kila kitu mahali pake, na ni rahisi kudhani kwamba ndivyo ilivyotoka kwenye kivinjari. Sivyo. Kivinjari hakijui orodha. Fomu ya kawaida hutuma mfululizo mmoja tu wa majina na thamani, bapa kama chapati, kwa utaratibu ule ule ambao nyuga zimeandikwa kwenye ukurasa. Imekuwa hivyo tangu HTML 2.0 ya mwaka 1995. Yale mabano ya mraba unayoyaweka kwenye jina la uga, kwa kivinjari ni herufi kama herufi nyingine. Anayeyapa maana ni seva, na kila seva ina maana yake.

Chukua jina `wadhamini[][namba]`. PHP ikiona `[]` hufungua kipengele kipya kila mara, kwa hiyo namba na kiasi cha mdhamini mmoja huishia kwenye vipengele viwili tofauti. Rack, ambayo ndiyo Rails imeketi juu yake, ina kanuni nyingine: huendelea kujaza kipengele cha mwisho hadi jina lijirudie. Likijirudia, basi kipengele kipya kinaanza. Yaani Rack inakisia! Na inakisia vizuri kabisa, mradi kila mstari wa fomu utume nyuga zake zote.

Sasa, HTML ina uga ambao kukosekana ndiyo kazi yake: kisanduku cha tiki. Kisipowekwa tiki, hakitumwi kabisa. Hakitumwi kikiwa tupu, hakitumwi kikiwa sufuri. Hakipo.

Miezi michache iliyopita niliitwa kwenye sacco moja (jina naliweka kapuni) kuangalia mfumo wao wa mikopo. Aliyeuandika alikuwa amehamia kazi nyingine. Mwanachama mmoja, mama wa makamo, alikuwa amekuja kutoa akiba yake ya karo akaambiwa shilingi 40,000 zimezuiwa kwa sababu amemdhamini mtu ambaye ameacha kulipa. Mnajua sacco zetu zinavyofanya kazi: akiba yako ndiyo dhamana ya mwenzako, na akikimbia, unabaki nayo wewe. Mama akasema hajawahi kukubali. Aliombwa, akakataa, na karani alikuwepo.

Karani mwenyewe ndiye aliyenipokea, mama wa miaka mingi pale ofisini. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nakumbuka sikumwekea tiki huyu. Lakini kompyuta inasema nilimwekea. Sasa nani ataniamini?" Nilimwambia, "Nipe siku mbili, mama." Alikuwa na sababu ya kuogopa. Ofisini, ikiwa ni neno la karani dhidi ya neno la kompyuta, hakuna anayesubiri siku mbili.

Fomu yenyewe ilikuwa na mistari ya wadhamini, na kila mstari ulianza na kisanduku cha ridhaa upande wa kushoto, kisha namba ya mwanachama, kisha kiasi. Karani huweka tiki akishaona sahihi ya mdhamini. Hebu tuseme wa kwanza na wa tatu wametia sahihi, wa pili amekataa. Kivinjari kinatuma hivi:

```
wadhamini[][ridhaa]=1
wadhamini[][namba]=101
wadhamini[][kiasi]=40000
wadhamini[][namba]=102
wadhamini[][kiasi]=40000
wadhamini[][ridhaa]=1
wadhamini[][namba]=103
wadhamini[][kiasi]=40000
```

Fuata kanuni ya Rack kwa kidole. Mistari mitatu ya kwanza inajaza kipengele cha 101. `namba` inajirudia, kwa hiyo 102 anafunguliwa kipengele chake, anapewa kiasi. Halafu inakuja `ridhaa`. Je, kipengele cha mwisho kina `ridhaa`? Hakina. Basi anapewa 102! Kisha `namba` inajirudia, 103 anaanza upya, hana ridhaa. Aliyekataa amekubali, aliyekubali amekataa.

Kinachonikera zaidi ni jinsi kosa hili linavyojificha. Idadi ya ridhaa haibadiliki hata siku moja, ni zile zile mbili. Jumla ya dhamana ni ile ile 80,000. Ripoti ya mwisho wa mwezi inalingana, mkaguzi anatia sahihi. Ukijaribu fomu ukiwa umeweka tiki zote, inafanya kazi. Ukiziondoa zote, inafanya kazi. Na majaribio ya msimbo niliyoyakuta yalikuwa ya aina hizo mbili tu. Halafu laiti kisanduku kingekuwa upande wa kulia, baada ya namba, kosa lisingetokea kabisa. Mtu aliyepanga ukurasa upendeze ndiye, bila kujua, aliyeamua nani atalipa deni la nani.

Utauliza, na kontrola je, haina ulinzi? Inao, tena mzuri, lakini unalinda mlango mwingine. Wakongwe mnakumbuka Machi 2012, Egor Homakov alipoongeza kigezo kimoja kisichotarajiwa kwenye fomu ya GitHub na kuuingiza ufunguo wake kwenye akaunti ya mradi wa Rails wenyewe. Baada ya kishindo kile, Rails 4 ya mwaka 2013 ikatulazimisha kutaja ndani ya kontrola ni majina gani yanaruhusiwa kuingia, kwa `permit`. Rails 8 ya mwaka 2024 ikaongeza `params.expect`, ambayo inakagua pia umbo la data, na likiwa si lile ulilotaja, mtumaji anarudishiwa kosa la 400 badala ya programu kuanguka na 500. Nazipenda zote mbili. Lakini tazama tena data ya hapo juu: majina yote yanaruhusiwa, umbo ni sahihi kabisa, orodha ya vipengele vitatu. `permit` inauliza kama `ridhaa` inaruhusiwa kuingia. Haiulizi ni ridhaa ya nani. Kufikia hapo swali hilo limeshajibiwa na Rack, kabla mstari wako wa kwanza wa kontrola haujasomwa.

Dawa ya kwanza inayokuja akilini ni ule uga uliofichwa ambao Rails huweka kabla ya kisanduku ili utume 0 tiki isipowekwa. Usiuweke kwenye `[]`! Mstari wenye tiki utatuma `ridhaa=0` kisha `ridhaa=1`, jina limejirudia, Rack inafungua kipengele kipya, na sasa una mdhamini mzimu asiye na namba. Nyaraka za Rails zenyewe zinatahadharisha kuhusu jambo hili.

Dawa ni kuacha kukisia. Kila mstari upewe namba yake ndani ya mabano:

```
mkopo[wadhamini_attributes][0][ridhaa]
mkopo[wadhamini_attributes][0][namba]
mkopo[wadhamini_attributes][1][namba]
```

Hapo hata ridhaa ikikosekana, hakuna pa kuteleza. Uga uliofichwa nao unafanya kazi, kwa sababu jina likirudiwa thamani ya mwisho ndiyo hushinda. Ukitumia `fields_for` pamoja na `accepts_nested_attributes_for`, ambayo tunayo tangu Rails 2.3 ya mwaka 2009, namba hizi unaandikiwa bure. Shida ilikuja pale kwa sababu mistari ilikuwa inaongezwa kwa JavaScript iliyoandikwa kwa mkono. Kwa mstari mpya mimi hutumia saa ya kompyuta kwa milisekunde kama namba. Rails haijali kama umeruka kutoka 1 hadi trilioni na zaidi. Na kwa wadhamini waliokwisha hifadhiwa, tuma `id` yao: ikiwa si ya mkopo ule, Rails inakataa papo hapo.

(Najua kuna mtu tayari anaandika "tumia JSON". Ni kweli, JSON ina orodha za kweli. Lakini kuandika upya ukurasa mzima wa ofisi ili kuepa namba moja ndani ya mabano, mimi sioni faida.)

Marekebisho yalichukua asubuhi moja. Kazi ilikuwa kujua ni nani mwingine aliyepewa ridhaa ya jirani. Hifadhidata haikuweza kusema, yenyewe iliona ridhaa tu. Ila Rails huandika vigezo vya kila ombi kwenye logi, na tangu Ruby 1.9 hash hutunza utaratibu wa kuingia. Ridhaa halali huingia kabla ya namba, kwa sababu ndivyo fomu ilivyopangwa. Ridhaa iliyotoka mstari wa chini huingia mwisho:

```
{"ridhaa"=>"1", "namba"=>"101", "kiasi"=>"40000"}
{"namba"=>"102", "kiasi"=>"40000", "ridhaa"=>"1"}
```

Nilikaa nikiutazama ule mstari wa pili kwa muda, chai ikapoa. Programu fupi ya kupekua logi ikanitolea mikopo saba. Mama karani akaenda stoo na orodha, akarudi na mafaili saba ya karatasi, na katika kila moja pengo la sahihi lilikuwa pale pale logi iliposema. La mama wa karo lilikuwa la tatu. Zile 40,000 alifunguliwa wiki ile ile, ingawa shule ilikuwa imeshafunguliwa.

Logi zilirudi nyuma miezi sita tu, zaidi ya hapo seva ilikuwa inazifuta ili isijaze diski. Mfumo una miaka minne. Kwa hiyo kabla ya hapo ni karatasi peke yake, na nilipoondoka, mama karani na kijana mmoja wa masomo ya nyanjani walikuwa wamefika kwenye mafaili ya mwezi wa pili wa mwaka wa kwanza.