Kipimo Kimoja cha Mafunzo

Sisi waalimu twajua taabu ya mtoto ahamaye shule, akakuta wenzake wamekwisha fika mbali. Yeye hupoteza muhula tu. Fundi wa tiba ya nyuklia akifunzwa nusu, apatae hasara ni mgonjwa.

Katika tiba hiyo mgonjwa hutiwa dawa yenye mionzi, kisha kamera huonyesha ilikokwenda mwilini. Dawa itumikayo zaidi ni teknetiamu-99m, nayo kila saa 6 nguvu yake hupungua nusu. Iliyopimwa saa 2 asubuhi, ifikapo saa 8 mchana imebaki nusu. Saa 2 usiku, robo. Asiyeijua hesabu hiyo atatia pungufu, na picha ya mfupa isisomeke, ama atazidisha.

Zamani huko Marekani wengi walijifunza kazini tu, kila mmoja kwa desturi ya aliyemtangulia. Miaka ya 1970 ikaundwa kamati ya kukagua vyuo vyao, na mwaka 1977 bodi ya kuwatahini. Lakini mtihani wa karatasi (nasema kama mwalimu) hauoni mikono. Ndiyo maana nausifu zaidi muhtasari wa masomo utakao pia kazi ya hospitalini mbele ya mkufunzi: kudunga sindano, na kuijaribu kamera asubuhi kabla mgonjwa hajaitwa.